Soma Jina la Mfalme Kabla ya Kumlipa Dalali: Sarafu Kuukuu za Kisumu

Hapa Kisumu sarafu kuukuu ziko kwenye mikebe ya vifungo, masanduku ya akina nyanya, na kwa wauza vyuma chakavu wa Kibuye. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, rupia za India zilikuwa ndizo pesa. Ukipata yako ya kwanza, fanya hivi.

Hatua ya 1: Usiisugue. Ndimu, majivu na waya wa sufuria huila shaba, na sarafu inayong'aa hivyo haina mnunuzi wa maana. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo yanatosha. Kisha igandamize na kitambaa ikauke.

Hatua ya 2: Soma jina. Chukua senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu. Upande mmoja una pembe za ndovu zilizozunguka tundu. Wa pili una taji na jina la mfalme wa Uingereza, bila sura yake, maana tundu limechukua nafasi ya kichwa. Herufi U imechorwa V, kwa hiyo utasoma GEORGIVS.

Ikiwa ni ya 1936, tulia. Mwaka huo Uingereza ilikuwa na wafalme watatu: George V alifariki Januari, Edward VIII akajiuzulu Desemba, George VI akapokea. Edward hakuwahi hata kutawazwa, na sarafu zake hazikuingia sokoni Uingereza. Huku kwetu zilinunua chumvi. Tafuta EDWARDVS VIII. Dalali akikuapia kwamba inajenga nyumba, cheka tu, kwa sababu zilitengenezwa nyingi. Ni nzuri kwa hadithi yake, si kwa bei.

Kwa George VI, angalia kama kuna IND:IMP, cheo cha mtawala wa India. India ilijitawala 1947, na cheo hicho kikaondolewa kwenye sarafu zilizofuata.

Hatua ya 3: Pima. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki, hadi ile ya 1946, robo yake ni fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Rupia ya Malkia Victoria inafaa iwe karibu gramu 11.66, na sonara yeyote mwenye mizani atakusaidia. Ikiandikwa QUEEN ni ya 1876 au kabla. EMPRESS ni ya 1877 na kuendelea. Sumaku ikiivuta, si ya fedha; mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 4: Jua sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale. Pesa ya Mombasa ya 1888, ile yenye mizani, imo humo. Kabla ya kuiuza au kuivusha mpaka, pita Makavazi ya Kisumu uulize kuhusu kibali.

Hatua ya 5: Hifadhi kila moja kwenye bahasha ya karatasi kavu. Mfuko laini wa plastiki pamoja na unyevu wa ziwa huifanya shaba iote kutu ya kijani. Juu ya bahasha andika kwa penseli mfalme, mwaka, na mahali ulipoipata.