Somo: Kutoa otomatiki na kutia gia za mkono kwenye Mercedes 240D (W123)

240D ya W123 (namba ya kiwanda ya bodi hii) ilitoka kiwandani kuanzia 1976 hadi 1985. Injini yake ni OM616 ya dizeli, farasi 65, baadaye 72. Farasi hao ni wachache, na otomatiki inakula sehemu yao kabla hawajafika kwenye tairi. Panda mlima wa Mazeras na abiria wanne uone unavyopitwa na lori la mchanga.

Giaboksi yenyewe ndiyo kazi nyepesi. Kinacholirudisha gari gereji ni vitu vidogo vilivyosahaulika, kwa hiyo nunua seti nzima kutoka gari moja la kuchinjwa (linalovunjwa kwa vipuri), la usukani wa kulia: giaboksi na krosmemba yake (chuma kinachoibeba), flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), presha pleti, fremu ya pedeli, masta silinda ya klachi na silinda ya chini, kopo la oili ya breki, mkono wa gia na fito zake tatu, na propela. Klachi pleti, rilisi (beringi inayosukuma klachi), beringi ndogo inayoingia nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) na bolti za flaiwili ziwe mpya. Gari lililolala karibu na bahari liache. Chumvi imeshakula nipeli (vali ndogo za kutolea hewa) na fito.

Hatua 1. Kushusha. Toa waya wa betri. Mwaga ATF (oili ya otomatiki), fungua bomba za kupoza zinazokwenda kwenye radieta, kisha zibe matundu ya radieta. Legeza nati kubwa ya katikati ya propela kabla hujaitoa. Fungua bolti za torki konveta (inayounganisha injini na otomatiki kwa oili) kupitia dirisha la chini, ukizungusha krenki kwa mkono, na ushushe konveta pamoja na giaboksi. Ukiiacha nyuma, itakumwagia oili usoni.

Hatua 2. Flaiwili. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharakisha. Krenki imebalansiwa pamoja na sahani ya otomatiki, ile inayokaa mahali pa flaiwili. Tia alama sahani ilivyokaa, kisha peleka sahani na flaiwili kwa fundi wa mashini. Azifunge pamoja zikiwa zimepishana nyuzi 180, aondoe uzito kwenye flaiwili peke yake mpaka jozi itulie. Bolti za flaiwili ni za kuvutika, zinarefuka zikikazwa: kaza Nm 35, kisha ongeza nyuzi 90 hadi 100. Ukirudia za zamani, siku moja zitakatika.

Hatua 3. Klachi. Piga beringi ndani ya krenki. Safisha flaiwili kwa petroli, usiache alama ya kidole chenye grisi. Weka klachi pleti katikati kwa shafti kuukuu ya giaboksi, kaza presha pleti kwa kupishana, zamu kidogo kidogo. Giaboksi isining'inie kwenye pleti wakati wa kuingiza, itapinda.

Hatua 4. Pedeli na oili. Badilisha fremu nzima, maana pedeli pana ya breki ya otomatiki haiachi nafasi ya klachi. Masta silinda inakunywa kutoka kopo la breki. Kama kopo lako halina mdomo wa klachi, tia lile la gari la kuchinjwa.

Hatua 5. Propela na fito. Raba za propela zikiwa na nyufa, badilisha. Kaza upande wa nati, bolti ikiwa imeshikwa, ili raba isijikunje. Lisukume gari mbele na nyuma likiwa chini kwa tairi zake, halafu ndipo ukaze nati ya katikati. Fito za gia: weka nyutro, panga matundu ya mikono yake yawe mstari mmoja, pitisha pini, kisha funga.

Giaboksi inatiwa ATF, mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la ubavuni.

Maswali ya wanachama, kila mmoja kwa mtaa wake

*Likoni:* Ahsante ustadh. Nimefunga kila kitu, nageuza ufunguo, stata kimya.

*Jibu:* Swichi ya otomatiki ilikuwa inazuia stata nje ya P (kuegesha) na N (nyutro). Tafuta kwa taa ya kupimia zile waya mbili za stata, uziunge. Mbili za taa ya rivasi zipeleke kwenye swichi ya giaboksi mpya.

*Changamwe:* Nikizima ufunguo injini haizimiki, na breki imekuwa nzito.

*Jibu:* Bomba la vakyumu lililokuwa linaingia kwenye otomatiki liko wazi. Vakyumu hiyo hiyo ndiyo inayozima injini na kusaidia breki. Lizibe.

*Kisauni:* Nimepampu klachi nusu siku, pedeli bado inazama.

*Jibu:* Hewa hupanda juu, nawe unaisukuma chini. Unganisha mpira kutoka nipeli ya breki ya mbele hadi nipeli ya silinda ya klachi, mpira ukiwa umejaa oili. Fungua zote mbili, mwenzako akanyage breki taratibu; funga nipeli ya breki kabla hajaachia. Angalia kopo lisifurike, oili hiyo inababua rangi.

*Mikindani:* Kaka, gari linatetemeka. Ni flaiwili au propela?

*Jibu:* Simama, nyutro, panda mizunguko. Likitetemeka hapo, rudi hatua ya 2. Kama linatetemeka likienda tu, ni propela: raba, beringi ya katikati, au nusu zake mbili zimefungwa bila kufuata alama.

*Bamburi:* Oili ya gia 90 haifai?

*Jibu:* Haifai. Ni nzito kwa sinkro (zinazolainisha kuingia kwa gia) za giaboksi hii. Gia ya pili asubuhi utaingiza kwa ugomvi.