Kulihifadhi gari la spoti wakati wa masika Nakuru

Katika nchi za baridi kama Uingereza na Kanada, wenye magari ya spoti huyafungia gerejini majira ya baridi kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu hula chuma. Nakuru hatuna chumvi hiyo, lakini tuna mvua ya Machi hadi Mei, tope, na panya. Mwenye Subaru Impreza iliyoshushwa chini, isiyovuka dimbwi bila kukwaruza tumbo, hana sababu ya kuona haya akiipumzisha hadi Juni.

Kazi kubwa hufanywa kabla ya kuegesha. Lioshe gari, hasa chini yake na nyuma ya magurudumu, kwa kuwa tope lililoganda hushika maji kwa majuma mengi na kutu huanzia hapo. Liache likauke kabisa juani, kisha ulipake nta. Badilisha oili pamoja na kichujio chake hata kama kilomita hazijatimia, kwani oili iliyotumika huwa na unyevu na tindikali zinazotokana na mwako, na hivyo havifai kukaa ndani ya injini miezi mitatu. Jaza tangi la petroli ili kupunguza nafasi ya hewa yenye unyevu.

Matairi yapigwe presha ya juu kidogo kuliko kawaida, mathalani 38 badala ya 32, bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Breki ya mkono usiivute. Mimi niliivuta mwaka mmoja, na Juni ilipofika gurudumu la nyuma la kushoto likakataa katakata kuzunguka. Fundi alilazimika kuligonga kwa nyundo, na kila pigo nililisikia moyoni. Tia gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, kisha uweke kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu.

Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6. Ukiiacha imeunganishwa, kengele ya wizi itainyonya polepole hadi iishe, kwa hiyo ondoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, na uichaji kila ikishuka chini ya 12.4.

Panya ndiye adui ninayemwogopa kuliko mvua, maana wengi wetu huweka magunia ya mahindi jirani na gari. Niliwahi kufungua kisanduku cha kichujio cha hewa nikakuta punje za mahindi, vipande vya sponji ya kiti na vipande vya waya vilivyotafunwa, vyote vimepangwa vizuri kama kitanda cha mzazi. Tangu hapo huziba bomba la moshi na mdomo wa kuingizia hewa kwa wavu wa chuma, na hufunga karatasi nyekundu kwenye usukani inikumbushe kuutoa kabla ya kuwasha. Mahindi nayo yalihamishiwa stoo nyingine.

Lifunike gari kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki hutoa jasho usiku na kuacha madoa kwenye rangi. Kwa wenzetu wa Kisumu, penye hewa nzito ya ziwa, madhara hayo huonekana mapema zaidi.

Mlinzi wa ploti, kwa nia njema, atataka kuwasha injini dakika tano kila Jumapili. Mwombe asifanye hivyo. Muda huo hautoshi kuipasha injini moto, hivyo maji hubaki ndani ya bomba la moshi na ndani ya oili, huku betri ikipoteza zaidi ya inachopata.

Siku ya kulitoa, ondoa wavu, pima presha na oili, rudisha betri ukianza na waya wa chanya, kisha ukanyage breki mara kadhaa kabla ya kutoka getini. Diski zitakuwa na kutu nyepesi na zitapiga kelele; nenda polepole, ukifunga breki taratibu, hadi kelele hiyo iishe.