Namna ya Kujijengea Tabia za Watu Wabunifu

Tunapomsifu mshairi au fundi kwa kusema "huyo amezaliwa nacho", tunamtukuza yeye na kujifungia mlango sisi wenyewe, kwa kuwa kipaji cha kuzaliwa hakiigiki, ilhali tabia huigika. Wanasaikolojia wanaopima haiba kwa vigezo vitano vikuu wamekuta mara kwa mara kwamba kigezo kinachoandamana zaidi na ubunifu ni uwazi kwa mambo mapya, yaani hamu ya kujua, kuonja na kusikiliza yaliyo nje ya mazoea. Hata hivyo, hamu hiyo peke yake haifikishi kazi mwisho, kwani kila hatua ya wazo hudai tabia yake.

Anza na udadisi, maana ndio unaokusanya malighafi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alitembeza vyungu akiviuza kwa kuimba. Alipohamia mjini alijifunza taarabu, muziki ambao katika kasri la Sultani uliimbwa kwa Kiarabu, akauimba kwa Kiswahili na kuupa visa vya watu wa mitaani, hata mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Sikio lililozoea mtaa na kasri kwa pamoja ndilo lililomwezesha. Nawe jipangie kila juma saa moja nje ya fani yako: kama ni mhasibu, kaa na fundi cherehani, kama ni mwalimu wa hesabu, sikiliza tenzi, na uulize usichokielewa bila kuona haya.

Uliyoyaona yaandike siku hiyo hiyo. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alijiwekea kanuni ya kuandika papo hapo kila jambo lililopingana na maoni yake, kwa kuwa aligundua kwamba mambo ya namna hiyo yalimtoka akilini upesi kuliko yale yaliyomuunga mkono. Ningependa kila mwandishi chipukizi aishike kanuni hiyo, kwa sababu udadisi usio na unyofu huokota yanayopendeza tu.

Kisha ifanyishe akili mazoezi ya kutanuka. Mmarekani J. P. Guilford, ambaye mwaka 1950 aliwahimiza wanasaikolojia wenzake wauchunguze ubunifu, alitumia jaribio la kumtaka mtu ataje matumizi mengi ya kitu cha kawaida. Kwetu kanga inafaa sana. Itandaze mezani, weka saa kando, andika matumizi yake kwa dakika kumi. Yatakuja mbio yale ya kila siku: kujitanda, kumbebea mtoto mgongoni, kutengeneza kata ya kutwikia ndoo, kuwa pazia la mlangoni. Kwangu kalamu husimama mnamo dakika ya nne, na hamu ya kuinuka huwa kubwa. Nikibaki, huanza kuja mengine polepole: kanga iliyoloweshwa na kutundikwa dirishani ili chumba kipoe, upindo uliotiwa alama kwa vipimo sawa ukawa futi ya kupimia kitanda, jina la kanga lililomjibu jirani bila kinywa kufunguliwa. Orodha ya mwanzo ilitoka katika kumbukumbu. Hii ya pili imetoka katika kufikiri, na kati ya hizo mbili pana kimya kisichostarehesha.

Kukivumilia kimya hicho ndiyo tabia ninayoiona kuwa adimu na yenye thamani kuliko zote. Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas alieleza kwamba wazo hupita hatua nne: maandalizi, kuatamia, kuangaziwa na kuhakiki. Hatua ya kuatamia ndiyo tunayoiharibu, kwa sababu kutojua kunatutia wasiwasi na tunashika jibu la kwanza ili wasiwasi uishe, kama mtu anayemwinua kuku kila saa kutazama kama mayai yameanguliwa. Jizoeze hivi: lisome tatizo lako kwa bidii hadi uchoke, andika swali lenyewe kwa sentensi moja, kisha liache usiku mzima, au tembea bila simu, au fanya kazi ya mikono kama kupepeta mchele. Panga pia siku na saa ya kulirudia, la sivyo kuatamia kutageuka uvivu.

Linda pia furaha ya kazi yenyewe. Katika utafiti wa mwaka 1985, mwanasaikolojia Teresa Amabile aliwataka baadhi ya waandishi wafikirie kwanza malipo na sifa kabla ya kutunga shairi fupi, na mashairi yao yalipungukiwa ubunifu yakilinganishwa na ya wenzao. Kwa hiyo mambo ya bei na wateja yaongelee kabla hujakaa mezani au baada ya kuinuka.

Uthubutu nao hukua kwa kuanza na kilichopo. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya mraba vya masonite, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mti zilizogandamizwa, na rangi ya baiskeli, na rangi hiyo ing'aayo ikawa alama ya mtindo wake. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza. Jiwekee mpaka wa makusudi, rangi tatu au maneno mia, kisha umalize kazi ndani yake.

Mwisho huja uhakiki, unaotaka nidhamu na ngozi ngumu. Mpelekee kazi mtu mmoja anayeijua fani na mwingine asiyeijua kabisa, na badala ya kuwauliza kama wameipenda, waombe wakuonyeshe kwa kidole mahali walipopotea. Usijitetee wanapozungumza. Andika waliyoyasema, lala, na asubuhi urekebishe sehemu waliyoigusa wote wawili.