Jinsi ya Kuandaa na Kuombea Kibali Mpango wa Msaada wa Ziada kwa Wanafunzi Wanaoishi katika Mazingira Magumu: Mwongozo kwa Shule za Msingi za Moshi

Mwongozo huu unawahusu walimu wakuu, walimu wa malezi na unasihi na wajumbe wa kamati za shule katika Manispaa ya Moshi wanaotaka kuandaa mpango wa msaada wa ziada kwa wanafunzi wa kaya maskini na kuuombea kibali, ili utekelezwe kwa jina la shule, kwa fedha zinazojulikana zilikotoka na kwa kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa. Shule za Halmashauri ya Wilaya ya Moshi na za Jiji la Arusha zinaweza kuufuata pia, kwa kuwa ngazi za maombi zinafanana.

Ada ya shule ya msingi ilikwisha kufutwa wakati Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaondoa michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Hata hivyo Waraka Na. 3 wa mwaka 2016, uliofafanua majukumu ya kila mhusika, ulimwachia mzazi sare, madaftari na kalamu, chakula cha mtoto na matibabu yake. Hapo ndipo anapokwama mtoto wa kibarua wa Njoro, au mjukuu wa bibi anayeuza ndizi Mbuyuni: nafasi darasani anayo, lakini vinavyomwezesha kukaa darasani humo hana. Maombi mengi ya msaada hayaendi mbali kwa sababu yanaeleza kwa kirefu hali ya kaya na kunyamaza kuhusu kinachomzuia mtoto kusoma. Kwa hiyo mpango ujengwe juu ya jambo moja: kila jina liandamane na kizuizi kinachojulikana, na kila kizuizi kiwe na mtu anayewajibika kukiondoa.

Kupata majina

Kazi hii ifanywe kati ya Septemba na Oktoba, wakati walimu wa madarasa wamekwisha kuwafahamu watoto na kamati bado ina muda wa kukaa kabla ya mwaka wa masomo kwisha. Mwalimu mkuu aanze na kumbukumbu zilizopo shuleni, yaani daftari la mahudhurio, matokeo ya upimaji wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa darasa la pili na upimaji wa darasa la nne, kisha maelezo ya mdomo ya walimu wa madarasa. Baada ya hapo awaone mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa, ambao wanazijua kaya zilizomo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF).

Orodha ya TASAF ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini haitoshi. Kaya huingizwa katika mpango huo kwa kutambuliwa na wanajamii wa mtaa husika, na familia iliyopanga chumba Pasua miezi michache iliyopita, baada ya baba kuacha kibarua mashambani, inaweza isijulikane na mtu yeyote katika mkutano wa mtaa. Vivyo hivyo mtoto aliyeletwa kwa bibi yake kutoka Rombo au Same baada ya mama kufariki huonekana katika daftari la shule mapema kuliko anavyoonekana katika daftari la mtaa. Jambo jingine la kuzingatia ni sharti la mahudhurio: mwanafunzi wa kaya inayonufaika anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za shule, na kaya isipotimiza sharti hilo ruzuku yake hupunguzwa. Mwalimu anayepeleka taarifa ya utoro bila kueleza kuwa mtoto alikuwa mgonjwa, au kwamba alikuwa akimuuguza mlezi wake, anaweza kuifanya kaya ipoteze fedha ambazo ndizo zilizokuwa zikinunua madaftari.

Watoto wasiitwe mstarini wala kuombwa wanyooshe mikono darasani ili wajitambulishe kuwa hawana. Ninalisema hili kwa uzito wote. Mtoto wa darasa la tano aliyesimamishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya kaptula iliyochanika atapokea kaptula mpya, na bado anaweza kuacha shule.

Fomu ya kila mwanafunzi

Majina yakipatikana, kila mtoto aandaliwe karatasi moja yenye namba yake, darasa, anaishi na nani, kinachomzuia, ushahidi wa kizuizi hicho, msaada unaopendekezwa, mhusika na tarehe ya kupitia upya. Sehemu ya ushahidi ndiyo inayopuuzwa zaidi, ingawa ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa darasa la tatu ambaye daftari la mahudhurio linaonyesha kuwa yupo Jumatatu hadi Alhamisi na hayupo karibu kila Ijumaa. Ukilifungua daftari na kuteremka na safu ile ya Ijumaa kwa kidole, wiki baada ya wiki, unaona alama ya utoro imejipanga kama uzi. Huyo hazuiwi na sare, kwa maana angekuwa na tatizo la sare asingekuja siku nne nyingine. Mwalimu wa malezi akimtembelea nyumbani anakuta bibi anampeleka sokoni Ijumaa kubeba mikungu, kwa sababu mgongo wake hauwezi tena. Msaada anaouhitaji mtoto huyu ni mazungumzo kati ya mwenyekiti wa mtaa na bibi ili apatikane mtu mwingine wa kubeba, afisa ustawi wa jamii aitazame hali ya bibi, na masomo rekebishi yafidie hesabu zote zilizofundishwa Ijumaa. Shule ingeandika tu kwamba ni yatima na maskini, angenunuliwa viatu, na Ijumaa angeendelea kukosekana.

Vilevile mtoto anayenakili kutoka kwa jirani badala ya ubaoni huenda haoni vizuri. Katika hali hiyo fomu ipendekeze apimwe macho, jambo linalowezekana Moshi kwa urahisi kuliko mikoa mingi, kwa kuwa hospitali ya KCMC ina idara ya macho na Hospitali ya Mawenzi iko mjini. Ikibainika kuwa uoni wake ni hafifu kiasi cha kuhitaji mwalimu wa elimu maalumu, mwalimu mkuu awasiliane na afisa elimu maalumu wa halmashauri. Shule ya Msingi Mwereni, hapahapa manispaa, hupokea wanafunzi wasioona wakasoma pamoja na wenzao.

Kikao cha kamati ya shule

Mpango hauwi wa shule mpaka upitishwe na kamati ya shule, ambayo mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Ajenda itangazwe mapema na muhtasari uandikwe kikamilifu, ukionyesha waliohudhuria, hoja zilizojadiliwa, maazimio na saini za mwenyekiti na katibu. Wajumbe wanahitaji kujua idadi ya watoto, aina za vizuizi na gharama. Majina na habari za nyumbani hawazihitaji, hivyo muhtasari utumie namba za fomu na fomu zenyewe zifungiwe katika kabati la mwalimu mkuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za mtoto, zikiwemo za afya yake, ni miongoni mwa taarifa zinazohitaji uangalifu wa pekee. Mzazi au mlezi aelezwe mapema kinachoandikwa na aridhie kwa maandishi au kwa dole gumba.

Gharama na mahali zitakapotoka

Bajeti ya mpango itenganishe vitu kwa vyanzo vyake, kwa sababu kila fedha ina masharti yake. Ruzuku ya uendeshaji imekokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 600 hupata basi takribani shilingi 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi, na fedha hizo zinatakiwa kutosha chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na uendeshaji wa ofisi. Ruzuku hiyo inaweza kugharamia karatasi na zana za masomo rekebishi. Msiiwekee sare wala chakula, kwa kuwa hivyo vimo katika majukumu ya mzazi na mkaguzi atavihoji.

Sare, viatu, madaftari na chakula vitafutiwe michango ya hiari ya wazazi wenye uwezo, wafanyabiashara, misikiti na makanisa, wanafunzi waliosoma hapo zamani, na wafadhili. Michango ya hiari ipitie kamati na ifuate maelekezo ya halmashauri. Walimu wasishike fedha mikononi, na mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia asirudishwe nyumbani.

Tarehe nazo ni muhimu. Mwaka wa masomo huanza Januari ilhali mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo mpango unaopelekwa Januari huikuta bajeti inayoendelea ikiwa imekwisha kugawanywa. Mpango ukipitishwa na kamati mwezi Novemba unaweza kuingizwa katika maandalizi ya bajeti ya Julai inayofuata, na yale yasiyoweza kusubiri yakatafutiwa michango ya hiari.

Barua ya maombi na njia yake

Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Manispaa, Halmashauri ya Manispaa ya Moshi, kupitia kwa Afisa Elimu Kata, na kichwa chake kiseme jambo moja, kwa mfano: «YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA MPANGO WA MSAADA WA ZIADA KWA WANAFUNZI WANAOISHI KATIKA MAZINGIRA MAGUMU». Baada ya maneno ya kawaida, «Husika na kichwa cha habari hapo juu», aya ya kwanza itaje idadi ya wanafunzi wa shule, idadi ya walengwa na tarehe ya kikao cha kamati. Aya ya pili ieleze vizuizi kwa makundi, na ya tatu itaje gharama na vyanzo. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Ambatisha muhtasari wa kikao, jedwali la bajeti, ratiba ya utekelezaji na muhtasari wa fomu bila majina.

Afisa Elimu Kata hupitia na kuweka maoni yake, na ni vema kumwomba aufikishe mpango katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa kuwa humo wamo diwani, mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, watu ambao baadaye mtawahitaji kwa ajili ya chakula na ufuatiliaji wa nyumbani. Kutoka kata maombi huenda ofisi ya Afisa Elimu Awali na Msingi. Masuala ya watoto wanaopigwa, wanaotumikishwa au wasio na mlezi yasisubiri njia hii. Yapelekwe siku hiyohiyo kwa afisa ustawi wa jamii, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Barua ikipokelewa, baki na nakala yenye muhuri na tarehe.

Wafadhili na wageni

Moshi hupokea wageni wengi wanaokuja kupanda Mlima Kilimanjaro, na baadhi yao hutaka kusaidia shule. Msaada wao upokewe kwa utaratibu: mfadhili aje kwa mwalimu mkuu, halmashauri ijulishwe, aonyeshwe jedwali la mahitaji lililopitishwa na kamati, na vitu viandikwe katika leja ya stoo kabla ya kugawiwa. Mfadhili asichague mtoto wa kumsaidia kwa kumtazama sura, wala asipewe fomu. Picha za watoto wakipokea viatu au madaftari zisipigwe. Akihitaji ushahidi, apewe nakala ya hati ya kupokelea vifaa. Anayekataa sharti hili shule inaweza kumshukuru na kuendelea bila yeye.

Utekelezaji

Kibali kikipatikana, chakula ndicho kitakachowapima zaidi. Ikiwa wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi na maharage ya makande, kiasi cha watoto wasio na uwezo kijumlishwe katika makisio tangu mwanzo, na orodha ya waliochangia isifike jikoni kamwe. Mpishi mwenye orodha mlangoni hulazimika kumtoa mtoto kwenye foleni akiwa na sahani yake mkononi, na hakuna fomu itakayorekebisha hilo. Mpishi ahesabu sahani. Mweka hazina wa kamati ndiye ahesabu madebe.

Masomo rekebishi yafanyike bila malipo ndani ya siku ya shule au mara baada ya vipindi, kwa vikundi vidogo vinavyopangwa kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa, na mtoto asibakizwe hadi giza hasa wakati wa masika, wakati njia za kuelekea Msaranga na Rau zina matope. Kikundi kiwe na watoto wa kaya zote wanaohitaji, ili kisijulikane kuwa cha maskini.

Kila muhula mwalimu wa malezi apitie fomu zote, aandike kilichobadilika katika mahudhurio na usomaji, na amwondoe katika orodha mtoto ambaye kizuizi chake kimeisha. Taarifa ya muhula iende kwa kamati na kwa Afisa Elimu Kata ikiwa na idadi tu, pamoja na mapato na matumizi. Mwanafunzi akihama, fomu yake iwekwe katika bahasha iliyofungwa na ipelekwe kwa mwalimu mkuu wa shule anayokwenda pamoja na barua ya uhamisho, ikiwa na namba ya simu ya mwalimu wa malezi aliyekuwa akimfuatilia.