Tangi la koni la bia ya nyumbani kwa baridi ya Mbeya

Kwa bia ya lita 20 chukua tangi la kuchachushia la lita 27 hivi, kwa sababu povu lisipopata nafasi huziba mrija wa gesi. Chuma cha pua kiwe daraja la 304. Sumaku ikishika mwili wa tangi kwa nguvu, huenda si daraja hilo, achana nalo. Koni iwe ya nyuzi 60, la sivyo mashapo ya chachu hubaki ukutani.

Kagua hasa maungio ya ndani. Pitisha kidole: ukihisi tundu au ukwaru, mwambie fundi asage na kung'arisha, maana hapo ndipo bakteria hujificha na bia ikaharibika.

Valvu ya chini iwe ya inchi 1.5, ya nusu inchi huzibwa na hopsi (maua yanayotia bia uchungu). Kabla ya kuifungua, toa kizuia hewa (kifaa chenye maji juu ya tangi kinachopitisha gesi nje bila kuingiza hewa), vinginevyo maji yake yatavutwa ndani ya bia.

Juni na Julai usiku chachu ya eli (bia inayochachushwa kwenye joto la wastani) husinzia kwa baridi. Zungushia blanketi na mkanda wa joto, lenga nyuzi 18 hadi 20, na kihisi joto kibandike kwenye ukuta wa tangi chini ya sponji. Kikining'inia nje kitapima baridi ya chumba tu.

Wakati wa kusafisha tangi, dawa ya klorini usiguse: hutoboa chuma.