Somo: Maji ya kisima yaliyogeuka rangi katika bwawa jipya la kuogelea

Mwaka wangu wa kwanza wa kutunza mabwawa hapa Arusha nilikabidhiwa bwawa jipya huko Njiro, lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 4, ambalo mwenye nyumba alilijaza kwa siku tatu kutoka kisima kirefu cha uani kwake. Maji yalikuwa meupe kiasi cha kuhesabu vigae vya sakafuni. Jioni nilitia klorini kama nilivyofundishwa, nikaacha pampu inazungusha, na asubuhi tukakuta maji yana rangi ya chai ya rangi. Mwenye nyumba aliamini nimetia dawa isiyo yenyewe, nami kwa kutojua nikamshauri amwage yote ajaze upya. Alijaza kutoka kisima kile kile, nikatia klorini ile ile, na rangi ikarudi vile vile. Lita 48,000 za maji zilipotea kwa ushauri wangu. Ninaandika somo hili ili yeyote atakayekutwa na hali hiyo asimwage maji.

Kilichotokea ni hiki. Chini ya ardhi, mahali ambapo oksijeni ni haba, madini ya chuma huyeyuka ndani ya maji bila kuonekana, na maji hayo yakitoka kisimani huwa meupe kabisa. Yakikutana na hewa, na zaidi yakikutana na klorini, chuma kile hushika kutu na kuwa chembe ndogo mno zinazoelea, nazo ndizo zinazoleta rangi ya chai. Klorini haikuharibu maji. Imekifichua kilichokuwamo tangu mwanzo. Kiasi chake ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: maji yenye miligramu 1 tu ya chuma kwa lita yataleta gramu 48 za chuma katika bwawa zima la lita 48,000, yaani uzito wa misumari michache, na hizo zinatosha kulibadilisha bwawa lote. Kwa hiyo kazi yetu ni kukilazimisha chuma chote kitoke katika hali ya kuyeyuka, kishikane, kizame chini, kisha tukitoe nje.

Hatua ya 1: Jaribu kwenye ndoo kabla ya kugusa bwawa

Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu inagharimu dakika chache na inazuia makosa ya siku nyingi. Chota maji ya kisima kwenye ndoo nyeupe ya lita 20, utie klorini ya unga kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, ukoroge, kisha usubiri. Maji yakigeuka kahawia ndani ya dakika chache, tatizo ni chuma. Yakiwa meusi-meusi au kahawia iliyoiva sana, na yakichukua muda mrefu zaidi kubadilika, huenda kuna manganizi, madini ambayo mara nyingi huambatana na chuma na ni magumu zaidi kuyatoa. Ikiwa maji yalikuwa na rangi tangu kisimani na klorini ikaipausha, rangi hiyo inatokana na mizizi na majani yaliyooza. Na ikiwa yalikuwa mekundu au ya maziwa tangu mwanzo na klorini haikuyabadilisha kabisa, huo ni udongo laini, jambo la kawaida katika visima vya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, hasa vile vilivyochimbwa karibuni.

Ukishajua, andaa jaribio la pili. Yeyusha gramu 10 za shabu, ile chumvi nyeupe inayofanya chembe za uchafu zishikane na kuzama, katika lita 1 ya maji safi. Chukua ndoo tatu za lita 20 zenye maji yaliyokwisha kutiwa klorini na kubadilika rangi, kisha utie mililita 50 za mchanganyiko huo katika ndoo ya kwanza, 100 katika ya pili na 150 katika ya tatu. Koroga kwa nguvu dakika moja, endelea kukoroga polepole dakika tano, halafu uziache zitulie usiku kucha. Hapo utakuwa umejaribu gramu 25, 50 na 75 za shabu kwa kila lita 1,000. Asubuhi utaona ni ndoo ipi iliyo nyeupe juu na yenye mashapo chini, na kiwango kidogo zaidi kilichofaulu ndicho utakachotumia bwawani.

Hatua ya 2: Shusha ualkali na pH

Maji mengi ya visima vya Arusha yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi kutokana na miamba ya volkano, na kwa sababu hiyo ualkali wake (uwezo wa maji kumeza asidi) huwa juu na pH yake (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati) hupanda. Katika pH ya 8 na kuendelea, sehemu kubwa ya klorini hukaa katika umbo lisilo na nguvu ya kuua vijidudu, na shabu nayo haishikani vizuri. Bwawa jipya la saruji huongeza tatizo, kwa kuwa plasta mpya huendelea kutoa chokaa kwa wiki kadhaa. Lenga pH ya 7.2 hadi 7.4 na ualkali wa miligramu 80 hadi 120 kwa lita.

Katika bwawa la lita 48,000, lita 1 hivi ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 32 hushusha ualkali kwa takriban miligramu 10 kwa lita. Usiimwage yote kwa mara moja. Itie lita moja moja kwenye ndoo yenye maji tayari, uimwage upande wenye kina kirefu pampu ikiwa inazunguka, na upime tena baada ya saa kadhaa. Kama ualkali ulikuwa juu sana, gawanya kazi hii kwa siku mbili au tatu. Plasta changa haipendi asidi nyingi, na ukiiharibu hutaweza kuirudisha kwa dawa.

Ninaomba hapa nisomwe kwa makini: asidi na klorini visikutane kamwe kabla ya kuingia bwawani, wala visitumie ndoo moja, wala kijiko kimoja, kwa sababu vikikutana hutoa gesi yenye sumu. Vilevile usichanganye klorini ya unga na klorini ya vidonge. Mchanganyiko huo unaweza kuwaka au kulipuka.

Hatua ya 3: Klorini

Acha saa kadhaa zipite baada ya asidi. Kwa bwawa letu la mfano, lile la lita 48,000, gramu 370 za klorini ya unga ya asilimia 65 hufikisha kiwango cha miligramu 5 kwa lita, nacho kinatosha kwa chuma na kubakiza akiba. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji, kwani chembe zikilala sakafuni huacha madoa. Maji yatazidi kuwa ya kahawia, na hapo ndipo wenye nyumba wengi huogopa. Waeleze mapema kwamba rangi hiyo ni dalili njema: kinachoonekana kinaweza kutolewa.

Hatua ya 4: Shabu, utulivu, na kufyonza

Geuza valvu ya chujio kwenye nafasi ya kuzungusha maji bila kupita kwenye mchanga. Tia shabu iliyoyeyushwa, kwa kiwango ulichokipata kwenye ndoo. Kwa gramu 50 kwa lita 1,000, bwawa la mfano litahitaji kilo 2.4. Zungusha kwa saa moja hadi mbili, zima pampu, kisha usiguse kitu kwa saa 12 hadi 24. Watoto wasiingie, na hata brashi isipite. Chembe zitashikana kama mapande ya pamba na kuzama polepole.

Kufyonza ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Mashapo hayo yasipite kwenye chujio: geuza valvu kwenye nafasi ya kumwaga nje, na usukume kichwa cha kufyonzea kwa mwendo wa pole sana, bila kurudi nyuma ulikotoka, kwa maana ukitikisa tu, yote yanaelea upya na unaanza kusubiri tena. Utapoteza maji kiasi. Sentimita 10 za kina katika bwawa hili ni lita 3,200. Maji hayo yamwage kwenye ardhi wazi, mbali na kisima, na kwa wenzetu wa Moshi ninawasihi yasielekezwe kwenye mfongo (mfereji wa asili wa maji) wa majirani, ambao unanywesha mifugo na migomba.

Hatua ya 5: Kujazia bila kurudisha tatizo

Ukijazia moja kwa moja kutoka kisimani umeingiza chuma kipya. Pitisha maji kwanza kwenye tangi, yakimwagika kutoka juu kama mvua ili yapate hewa, yaache yalale usiku mmoja, halafu uyachote kwa bomba lililoinuliwa juu ya mashapo. Kwa kuwa maji yetu yana pH ya juu, hewa peke yake hukitoa chuma vizuri, ingawa manganizi itahitaji klorini kidogo ndani ya tangi hilo. Njia nyingine niliyoiona ikifaa ni ndoo yenye matundu chini, iliyojazwa pamba ya mito, ambamo maji ya bwawa hupitishwa kwa pampu ndogo. Pamba hugeuka nyekundu ndani ya saa chache.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Pasua, Moshi: Shikamoo fundi. Kisima chetu kimechimbwa mwezi uliopita na maji ni mekundu tangu bombani. Ndoo ya klorini haikubadilika. Nitumie shabu nyingi zaidi?

Jibu: Marahaba dada. Anza na kisima kabla ya bwawa. Kisima kipya kinapaswa kusukumwa kwa saa nyingi, maji yakimwagwa, hadi yatoke meupe, na ni haki yako kumtaka mchimbaji alimalize jambo hilo. Ukiendelea kujaza udongo bwawani utanunua shabu bila mwisho, na kila unapoongeza shabu ualkali unashuka zaidi.

Mwanachama wa Usa River: Kaka, bwawa langu lina chujio la katriji, halina la mchanga. Shabu inafaa?

Jibu: Inafaa, mradi isipite kwenye katriji, kwani itaiziba ndani ya muda mfupi. Itoe katriji kabla ya kutia shabu. Kama mfumo wako hauna njia ya kumwaga nje, azima pampu ndogo ya kubebeka na ufyonze kwa hiyo.

Mwanachama wa Tengeru: Kwa nini tusimwage tu maji yote na kununua ya boza? Nina uwezo wa kulipa.

Jibu: Mzee wangu, boza nalo hujazwa mahali, na mara nyingi mahali hapo ni kisima, lipime kwa ndoo kabla halijamwaga. Jambo zito zaidi ni kwamba wakati wa masika, ardhi ikiwa imejaa maji, bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na maji ya chini na kupasuka.

Mwanachama wa Arumeru: Je, shabu itaondoa pia floraidi? Watoto wangu humeza maji wanapoogelea.

Jibu: Hapana mama. Floraidi haina rangi, na kiwango cha shabu tunachotumia hapa ni kidogo mno kuiondoa kwa namna ya kutegemewa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, na visima vingi vya kwetu vinapita hapo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi na mkaa wa mifupa kwa ajili ya maji ya kunywa nyumbani. Midomo michache ya maji ya bwawa si sawa na kunywa kila siku, lakini wapelekee maji yao ya kunywa pembeni mwa bwawa ili kiu isiwafanye wameze.

Mwanachama wa Sakina: Maji yamekuwa meupe, ila ngazi zimebaki na madoa ya kutu. Nisugue kwa asidi?

Jibu: Usisugue plasta mpya kwa asidi, dada. Kwanza bonyeza kidonge cha vitamini C juu ya doa kwa dakika moja. Likififia, ni chuma. Zuia watu wasiingie, acha klorini ishuke hadi sifuri, kisha utie unga wa vitamini C karibu na ngazi. Madoa yatayeyuka, lakini chuma kitakuwa kimerudi majini, kwa hiyo tia siku hiyo hiyo dawa ya kufunga madini, yaani ya kukizuia chuma kisiache madoa tena. Baada ya hapo rudisha klorini kidogo kidogo kwa siku tatu, ukizitazama ngazi kila asubuhi.