Mbwa wa nyumbani akifa: ya kufanya siku ile na wiki zinazofuata

Mbwa akifa alfajiri, kufika saa nne asubuhi kuna aliyekwisha kusema "pole, lakini ni mbwa tu", kuna aliyekwenda kutafuta kijana wa kumtupa, na watoto wameambiwa katoroka. Miezi sita baadaye mtu akiwa bado anaumia, mara nyingi kinachomuuma ni hayo matatu kuliko kifo chenyewe. Huzuni haikwepeki. Majuto yanapungua, na mengi yake huamuliwa siku ile ile ya kwanza, kwa hiyo siku hiyo ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

Kabla hujamgusa: amekufaje?

Swali hili linatangulia kanga, koleo na machozi. Kama siku zake za mwisho mbwa alibadilika tabia, akatokwa mate, sauti ikakwaruza, akashindwa kumeza, au akauma watu na vitu ovyo, mchukulie kuwa alikuwa na kichaa cha mbwa mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Usimguse kwa mikono mitupu, watoto wasisogee, na usimzike kwanza. Mpigie afisa mifugo wa kata, au kwa walio Kenya, ofisi ya mifugo ya kaunti. Kichaa huthibitishwa kwa kupima ubongo, na ukishamfukia huo ushahidi umepotea.

Aliyeumwa, kukwaruzwa au kulambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Asingoje kuona dalili, kwa sababu zikishaanza tiba hakuna. Kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi miwili au mitatu, safari nyingine hata mwaka, kwa hiyo kadi ya chanjo ya mbwa usiitupe pamoja na takataka zake. Daktari wa hospitali ataiulizia.

Kama alitapika, akatetemeka, akatoa povu na kufa ndani ya saa chache, fikiria sumu, hasa ukikuta kipande cha nyama ambacho hakikutoka jikoni kwako. Mwili wake na matapishi yake vinaweza kuua kuku, paka, kunguru na mbwa wa jirani. Vaa glavu, zoa matapishi pamoja na udongo uliolowa, vizikwe naye. Nyama iliyobaki ifungwe kwenye mfuko mara mbili, piga picha, mjulishe mwenyekiti wa mtaa au polisi. Na majirani waambie wazi. Mwenye sumu akinyamaziwa, wiki ijayo ni zamu ya mbwa mwingine, au ya mtoto anayeokota vitu chini.

Hakikisha amekufa kweli

Mbwa mwenye homa kali ya kupe anaweza kulala kama gogo huku anapumua kwa mbali. Mtazame mbavu dakika mbili kamili, ukihesabu kwa saa. Bonyeza vidole kifuani upande wa kushoto, pale kiwiko cha mguu wa mbele kinapokutana na mbavu, usikilizie mapigo ya moyo. Gusa mboni ya jicho taratibu kwa ncha ya pamba: aliye hai hupepesa. Fizi za aliyekufa hugeuka kijivu.

Macho hubaki wazi, na hata ukiyafunga hufunguka tena. Msuli unaweza kutetema, pumzi moja ikatoka, mkojo na choo vikafuata. Hiyo ni hewa iliyobaki mapafuni na misuli inayolegea. Wapo wanaoteseka miaka kwa sababu waliona mguu umetikisika wakadhani wamezika mbwa aliye hai. Ukishapima hayo manne, huna la kujilaumu.

Saa za mwanzo

Mwili huanza kukakamaa baada ya saa mbili tatu. Kabla ya hapo mkunje miguu alale kama alivyokuwa akijikunja usingizini, maana akikakamaa amenyooka, shimo litabidi liongezeke karibu nusu. Mweke kivulini juu ya sakafu ya saruji, si kwenye kochi, weka taulo kuukuu chini ya kichwa na chini ya mkia, na chupa za barafu zilizofungwa kitambaa juu ya tumbo, kwa sababu tumbo ndilo huvimba kwanza. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mzike siku hiyo hiyo. Arusha au Limuru wakati wa baridi unaweza kungoja asubuhi ili aliye safarini afike.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba mwili ukipoa, viroboto na kupe huhama kutafuta mwenye damu ya moto. Ukimkumbatia saa moja baada ya kufa, utaondoka nao. Muage mapema au kwa kumshika kichwa tu, na banda lake lipigwe dawa wiki hiyo hiyo.

Kwa nyumba za Waislamu, ambako mbwa wa ulinzi analala nje na bado anapendwa: katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, najisi ya mbwa huhama kwa unyevu. Mkono mkavu na manyoya makavu havina neno, ila mate na maji ya mwili huhitaji kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Glavu kavu na shuka kavu zinatosha kumbeba bila wasiwasi. Na asikwambie mtu kwamba kumlilia ni aibu. Mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Suratul Kahf.

Kaburi

Kwa mbwa wa kilo 20 hadi 25 aliyekunjwa, chimba urefu wa futi tatu na nusu, upana futi mbili na nusu, kina futi nne. Udongo utakaomfunika usipungue futi tatu. Makosa mengi yapo hapa: mchimbaji hufika futi mbili, anachoka, anasema inatosha, na usiku wa tatu mbwa wa mtaani wanafukua. Pima kwa mpini wa jembe kabla hujamlipa.

Kichanga huchimbika haraka lakini kingo humomonyoka, kwa hiyo fanya mdomo wa shimo uwe mpana kuliko chini. Mfinyanzi mkavu unataka sururu. Mwaga ndoo mbili za maji, ngoja nusu saa, ndipo uanze. Maji yakichuruzika kutoka chini, kama inavyotokea masika kwenye maeneo ya bondeni ya Dar es Salaam kama mtaa wa Jangwani na kandokando ya Mto Msimbazi, acha shimo hilo utafute palipoinuka. Kaa mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na ulizia bomba la maji linapita wapi.

Mfunge kwa kanga kuukuu, shuka la pamba au gunia la katani. Salfeti na mifuko ya plastiki haifai: mwili hauozi vizuri ndani yake, na maji huvundia humo. Mkanda wa shingoni mvue ubaki nao. Chokaa watu humwaga wakiamini ataoza haraka, kumbe hupunguza harufu tu na kuozesha kunachelewa. Kama shimo lina kina cha kutosha, huihitaji.

Ukishamlaza, rudishia udongo futi moja, panga vipande vya matofali au mawe, halafu malizia. Acha kichuguu cha sentimita 20 hadi 30 juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu patadidimia, na mvua ya kwanza kubwa itaongeza. Ukitaka kupanda mti, usiupande juu yake moja kwa moja. Sogea hatua moja pembeni, mizizi itafika yenyewe kwa wakati wake.

Mbwa aliyepigwa sindano ya kumpumzisha, yaani ile ya daktari ya kumfisha bila maumivu, azikwe kwa kina hicho hicho bila kupunguza hata inchi moja. Dawa hubaki mwilini, na mnyama akimfukua akamla anaweza kufa.

Wapangaji wana shida ya uwanja. Muulize mwenye nyumba kabla ya kuchimba, si baada. Akikataa, daktari wa mifugo au afisa afya wa manispaa ataelekeza mahali, au ndugu mwenye shamba atakubali. Ukimpa kijana pesa akamzike, nenda naye hadi shimoni. Usipokwenda, kuna uwezekano mkubwa wa mwili kuishia mtaroni, na Jumatatu mtoto wako akauona akienda shule.

Watoto

Tumia neno "amekufa". Ukisema "amelala", mtoto wa miaka minne ataogopa kulala. Ukisema "ametoroka", atakaa getini akimngoja, na siku akiujua ukweli kutoka kwa mtoto wa jirani, atakuwa na misiba miwili. Kama mbwa aliitwa Simba, sentensi tatu zinatosha: "Simba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui na hasikii maumivu. Hatarudi." Kisha nyamaza umsikilize.

Walio chini ya miaka mitano huuliza kesho yake "Simba anarudi lini?" na wewe unajibu vile vile bila kukasirika. Wa miaka mitano hadi minane huja na wazo kwamba wao ndio waliosababisha: nilimfokea, nilisahau kumwekea maji. Usingoje aseme. Mwambie mwenyewe kilichomuua. Kumwona mwili na kuja kaburini iwe hiari yake, isipokuwa pale palipo na shaka ya kichaa, sumu au ugonjwa wa kuambukiza. Ukimpa kazi, kuweka ua au kuandika jina kwenye kipande cha mbao, mara nyingi hutulia zaidi kuliko ukimwambia asilie.

Anayesahauliwa

Nyumba nyingi, aliyekuwa anampikia mbwa sembe na dagaa si mwenye nyumba. Ni dada wa kazi au mlinzi. Ndiye anayejua mbwa alikuwa anapenda ukoko, na kwamba saa kumi na moja jioni alikuwa anakaa mlangoni jikoni akisikia sufuria. Halafu mbwa akifa, yeye ndiye anayetumwa kuchimba shimo, na poleni zinakwenda sebuleni. Mwite, mpe pole kwa jina lake, mwache aamue kama anataka kuchimba au achimbe mwingine. Na usimuulize "ulimlisha nini?" kwa sauti ya polisi kabla hujajua sababu ya kifo. Swali hilo likikosewa, mtu mzima ataondoka kazini akiwa na lawama isiyo yake.

Mbwa aliyebaki

Kama hakuna ugonjwa wa kuambukiza wala sumu, mwache anuse mwili dakika chache, asiulambe. Baada ya hapo anaweza kuzunguka akitafuta, kulala kwenye nafasi ya mwenzake, au kugusa chakula kidogo siku mbili. Mpe saa zake zile zile za kula na matembezi. Lakini usiiachie huzuni ibebe kila lawama: mbwa wawili wa banda moja hugawana kupe wale wale. Akifikisha saa 48 bila kula, fizi zikipauka, au joto likizidi nyuzi 39.5 (kawaida ni kati ya 38.3 na 39.2, hupimwa njia ya haja kubwa), mpeleke kwa daktari siku hiyo.

Wiki zinazofuata

Huzuni ya mbwa hukaa kwenye ratiba. Saa kumi na mbili jioni unafika getini, unapiga honi, na kimya kile ndicho kinachokuvunja, si picha ukutani. Utasikia kucha zake sakafuni usiku. Ni kawaida, masikio yamezoea. Kinachosaidia ni kuichukua ile saa mahususi na kuijaza: kama mlikuwa mnatembea saa kumi na mbili asubuhi, endelea kutembea saa hiyo hiyo, njia nyingine. Bakuli na mnyororo vitoe machoni ndani ya wiki, uviweke stoo. Usivigawe bado.

Waliokubali sindano hubeba mzigo wa peke yake: "nilimuua." Ijulikane inavyofanyika. Mara nyingi mbwa hupewa kwanza dawa ya usingizi, kisha dozi kubwa ya dawa ya nusu kaputi huingia kwenye mshipa wa mguu wa mbele. Fahamu huondoka kabla moyo haujasimama, na moyo husimama ndani ya dakika moja au mbili. Mwombe daktari akuandikie ugonjwa na hali aliyokuwa nayo siku hiyo. Baada ya mwezi, kumbukumbu hukuonyesha mbwa aliyekuwa anakimbia, na unasahau yule aliyeshindwa kusimama akojoe. Karatasi haisahau.

Kwa wanaosema "ni mbwa tu", jibu fupi linatosha: "Amekaa nasi miaka kumi na moja." Usibishane. Ila kama wiki mbili zimepita na hulali, huli, huendi kazini, au unawaza kujidhuru, hilo si la kungoja lipite. Nenda hospitali umwambie daktari kama unavyomwambia kuhusu homa.

Kuhusu mbwa mwingine, wengi huharakisha kwa hofu ya wezi. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hatalinda chochote kwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo taa ya nje na kufuli jipya vitakusaidia zaidi mwezi huu. Akija, apewe jina jipya. Na kama wa kwanza alikufa kwa parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa, kirusi hukaa kwenye udongo mwaka au zaidi. Sakafu ya banda isuguliwe kwa sabuni kwanza, kisha ipigwe dawa ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, ikae dakika kumi ikiwa imelowa. Udongo wa uwanja hausafishiki hivyo, kwa hiyo mbwa mchanga asikanyage hapo kabla hajamaliza chanjo zake zote. Bakuli la zamani libaki stoo, huyu anunuliwe la kwake.